Kamba ya kumvutia mtoto mlimani: tathmini ya mama wa watoto wawili waendesha baiskeli

Kifaa chenyewe ni kamba tu. Ni mkanda wa mpira uliovishwa kitambaa cha nailoni, una kitanzi upande huu na kitanzi upande ule. Kitanzi kimoja kinavikwa kwenye siti ya mzazi, cha pili kinashika shingo ya usukani wa baiskeli ya mtoto. Mzazi akipiga pedali, mtoto anapata msaada wa kupanda. Yangu ikilegea ina urefu wa mita 1.4 hivi, na ikivutwa na watu wazima wawili inafika mita 4. Kampuni zinazozitengeneza ni kadhaa na kamba zao zinakaribiana sana, kwa hiyo nitazungumzia kifaa na matumizi yake, jina la kampuni sitalitaja.

Kauli yangu naitoa mapema. Mzazi anayetaka kupeleka watoto kwenye njia korofi, yenye mawe, mizizi na milima mirefu, anunue kamba hii kabla ya kununua kitu kingine chochote cha ziada. Ila asiinunue kwa lengo la kuongeza kilomita. Najua wengi wanaitaka kwa sababu hiyo, wafike mbali kuliko miguu ya mtoto inavyoruhusu. Mimi naipima kwa jambo moja: mtoto amefika kileleni akiwa na hali gani? Huko juu ndiko kazi yake ngumu inakoanzia, na mtoto aliyechoka ndiye anayeanguka.

Binti yangu ana miaka 10 na uzito wa kilo 28. Baiskeli yake, ya magurudumu ya inchi 24, ina kilo 12, na kwa baiskeli ya mtoto yenye shokapu ya mbele huo si uzito mbaya. Lakini fanya hesabu. Kilo 12 kwa mwili wa kilo 28 ni zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake. Kwa mwili wangu wa kilo 62 ingekuwa sawa na kunipa baiskeli ya kilo 26 na ushei, kisha nipande nayo njia ya kokoto. Ningeshuka na kusukuma kabla ya kona ya pili. Mdogo wake wa miaka 7 hali yake ni ngumu zaidi, maana yeye bado yuko kwenye magurudumu ya inchi 20, na gurudumu dogo likikutana na mzizi linaupanda kwa pembe kali kuliko langu la inchi 29. Mzizi ninaoupita mimi nikiusikia kidogo tu miguuni, kwake ni ukuta.

Kuna jambo la mwendo pia. Mtu mzima anavuka mawe kwa kasi aliyonayo. Anapofika kwenye jiwe, uzito wake na mwendo wake vinamsukuma mpaka upande wa pili. Mtoto mlimani anakwenda polepole kiasi kwamba kila jiwe linamsimamisha, na akishasimama kwenye mwinuko wenye changarawe hawezi kuanza tena: tairi la nyuma linazunguka bure, anashuka, anasukuma, anapanda, anasimama tena. Nimewaona watoto wenye miguu imara kabisa wakilia kwa ajili hiyo. Tatizo lao halikuwa nguvu, bali kuanza upya kila baada ya mita 10.

Hapo ndipo kamba inapofanya kazi yake. Haimbebi mtoto, inamwondolea kule kusimama. Tuchukue mwinuko wa asilimia 10. Binti yangu na baiskeli yake ni kilo 40 pamoja, na mvuto unaohitajika kumpandisha, ukiacha msuguano wa njia, ni kama uzito wa kilo 4 unaoning'inia nyuma ya siti yangu. Hiyo ni endapo yeye hapigi pedali kabisa. Kwangu mimi ni ongezeko la karibu nusu ya kazi ninayofanya kujipandisha mwenyewe na baiskeli yangu, tena ni kazi ya kweli, mtu asidanganywe na picha za mzazi anayetabasamu. Lakini mtoto akipiga pedali, hata kwa nguvu kidogo, mzigo unapungua palepale. Mpira unalegea akijitahidi na kunyooka akichoka. Nyuma ya siti nauhisi mlima mzima jinsi mwanangu anavyoupanda: hapa ana nguvu, hapa zimemwishia, hapa amepata pumzi. Sijawahi kuwa na kifaa kingine kinachoniambia hali ya mtoto bila mimi kugeuza shingo.

Sasa namna ya kuifunga, maana karatasi iliyokuja na kamba yangu ilikuwa na michoro miwili tu, na mengi ya maana haikuyasema.

Upande wa mtoto, kitanzi kinakaa kwenye shingo ya usukani, katikati kabisa, karibu na mhimili ambao gurudumu la mbele linazungukia. Usikifunge kwenye usukani wenyewe kulia au kushoto, hata kama ni rahisi zaidi. Kamba inayovuta kutoka pembeni itageuza gurudumu kila mvuto unapokuja, na mtoto atapigana na usukani wake mpaka mikono ichoke. Angalia pia kitanzi kisibane waya za breki na gia. Zungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, uone kama kuna kitu kinavutwa. Upande wako, kitanzi kinapita chini ya siti na kulala nyuma yake. Wapo wanaofunga kwenye bomba la siti, chini zaidi. Kwa baiskeli ya mtoto ya inchi 20 hata mimi napendelea chini, kwa sababu kamba inayotoka juu sana inanyanyua gurudumu lake la mbele kidogo pale inapokaza ghafla. Ukiichagua njia hiyo, hakikisha kamba haigusi tairi lako la nyuma hata ikilegea.

Kuondoka kuna utaratibu wake. Mtoto anakanyaga pedali moja, breki ameshika. Mzazi anasogea mbele taratibu mpaka kamba inyooke. Ndipo mzazi anasema neno, mtoto anaachia breki, na wote wawili wanapiga pedali. Mzazi akiondoka kwa pupa kamba ikiwa imelegea, mpira utajaa nguvu kisha utamrusha mtoto mbele kabla hajakaa sawa. Sisi tuna maneno matatu: vuta, legeza, simama. Mawili ya kwanza ni ya mtoto peke yake. Yeye ndiye anayeomba kuvutwa na yeye ndiye anayesema sasa naweza mwenyewe. La tatu ni la yeyote, na likishatamkwa hakuna kuulizana sababu mpaka magurudumu yote manne yamesimama.

Nasisitiza kwamba kuvutwa kuombwe na mtoto, kwa sababu nimeona kamba ikifungwa tangu mwanzo wa safari, mtoto akaburutwa kuanzia mita ya kwanza. Mtoto wa hivyo anageuka mzigo na yeye mwenyewe anajua kwamba ni mzigo. Binti yangu hupanda peke yake mpaka pale anapoona inatosha. Mara nyingi hunitajia kabisa mahali: "Mama, nivute kutoka kwenye lile gogo mpaka kwenye kona." Tukifika kwenye kona anasema legeza, tunasimama, tunaifungua, anaendelea. Mlima unabaki wake. Mdogo wake hajui bado kupima nguvu zake namna hiyo, anaomba mapema na hataki kuachia, nami simkatalii. Miaka 7 ni michache.

Mahali ambapo kamba imejipatia heshima yangu ni mpando mmoja mrefu wa msituni tunaoupenda. Unaanza na udongo mgumu, kisha mizizi, na mwisho kuna kipande cha mawe yaliyopangana kama ngazi mbovu, kila ngazi ikifika kwenye vifundo vya miguu. Kwenye udongo unamvuta mtoto bila kufikiri. Kwenye mizizi inabidi mzazi aendeshe kwa ajili ya watu wawili: mimi nikishavuka mzizi na kupata sehemu laini, mwili wangu wote unataka kuongeza mwendo, na wakati huohuo gurudumu la mbele la mwanangu ndiyo kwanza linaugonga mzizi uleule. Nikiongeza mwendo, mpira unakaza vibaya mno na kumnyakua. Kwa hiyo kila ninapovuka kitu nahesabu moyoni mpaka nihisi mgongoni kwamba naye amevuka, ndipo naendelea. Kamba ngumu isiyo na mpira isingekubali jambo hili hata kidogo. Unyumbufu ndio unaonipa ile nafasi ya kumsubiri bila kusimama.

Kwenye ngazi za mawe hatuitumii. Pale mtoto anahitaji kuchagua mstari wake mwenyewe, kushoto au kulia, kusimama juu ya pedali au kushuka na kubeba, na kamba inamlazimisha kufuata tairi langu. Tunaifungua chini ya ngazi. Mkubwa hujaribu kupanda, mdogo husukuma, nami namshikia siti kwa nyuma.

Kasoro kubwa ya kamba za aina hii, ambayo sijaiona ikitajwa vya kutosha, ni kwamba mtoto haoni njia. Kinachoonekana mbele yake ni tairi langu la nyuma na mgongo wangu. Kila jiwe linamtokea ghafla chini ya miguu yangu. Kwa hiyo mzazi lazima awe anasema: mzizi, jiwe kushoto, shimo, tope. Si kwa kupiga kelele, ni kwa sauti ya mtu anayesimulia. Mwanzoni inachosha kusema huku unahema, lakini mtoto asiyeambiwa huanza kukunja mabega na kushika usukani kwa hofu, na mikono iliyokakamaa ni mikono inayoanguka. Tena tairi hilohilo linarusha vitu. Kukiwa na tope, uso wa mtoto ndio unaopokea. Nimefunga madigadi fupi nyuma ya baiskeli yangu kwa ajili ya kamba tu, na watoto wote wawili wanavaa miwani. Yeyote anayenunua kamba kwa matumizi ya njia za udongo ahesabu na vitu hivyo viwili.

Kasoro ya pili ni urefu. Kamba ikiwa imekaza, kati ya tairi langu na lake kuna zaidi ya mita moja, na hapo tuko salama. Ikilegea, nafasi hiyo inabaki chini ya nusu mita. Njia za msituni hazipandi tu moja kwa moja, zinashuka kidogo, zinapanda tena, zinajikunja. Kila pale zinaposhuka, mtoto anakuja kasi nyuma yangu huku kamba ikining'inia karibu na gurudumu lake la mbele. Kamba ikiingia kwenye spoki za gurudumu la mbele, mtoto atapita juu ya usukani, hilo halina mjadala. Kwa sababu hiyo sheria yetu haina nafuu: mteremko wowote, hata wa mita 20, tunasimama na kufungua. Inakera, hasa kwenye njia ya kupanda na kushuka kama mawimbi, na ningesema wazi kwamba kwa njia ya aina hiyo kamba haifai kabisa. Ni kifaa cha milima mirefu inayopanda bila kukatika.

Vilevile haifai kwenye barabara yenye magari, wala kwenye kijia kinachopita ukingoni mwa bonde, wala kuvuka maji. Na mzazi mwenye breki kali asizishike ghafla. Mtoto hana taa ya kumwonya.

Kamba yangu ilikuja na kulabu ya chuma ya kuunganishia kitanzi cha mtoto. Niliitoa. Chuma kilikuwa kinagonga fremu kila inapolegea, na sikutaka kipande cha chuma kwenye ncha ya mpira uliovutwa mbele ya uso wa mtoto. Kitanzi cha kitambaa kinapitishwa ndani ya chenyewe na kinashika vizuri bila chuma chochote. Kazi inayobaki ni kukagua mishono. Ya kwangu ilianza kufumuka nyuzi upande wa siti, pale inaposuguana na vyuma vya chini ya siti, nikampelekea fundi wa viatu akaishona upya kwa uzi mnene. Mpira wenyewe bado mzima. Naufua kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, nauanika kivulini, kwa maana jua linaozesha mpira, na siuachi umefungwa kwenye baiskeli nyumbani.

Wengi huuliza kama tyubu kuukuu haiwezi kufanya kazi hiyohiyo. Inaweza kuvuta, ndiyo, hasa tyubu nzima ya inchi 29 iliyokatwa na kufungwa mafundo. Nimeijaribu kwenye njia pana ya udongo na haikutuangusha. Ila fundo la mpira hulegea lenyewe, tyubu iliyokatika haina kitambaa cha kuizuia isirudi kwa kasi, na inavutika bila kikomo kinachojulikana. Kwa dharura, mtoto ameishiwa nguvu na nyumbani ni mbali, ningeifunga bila kusita. Kwa kupanga safari nzima juu yake, hapana.

Kuna vifaa vingine vya kumsaidia mtoto, nami nimevitumia viwili. Lile bomba la chuma linaloshika baiskeli ya mtoto na kunyanyua gurudumu lake la mbele ni zuri sana kwenye lami na njia pana, mtoto anaweza hata kusinzia kidogo. Kwenye njia korofi ni shida: baiskeli mbili zinakuwa kitu kimoja kirefu, kona kali haiingii, na kila tairi langu linapoteleza baiskeli yake inayumba pamoja na yangu. Mtoto pia hajifunzi chochote, kwani usukani wake hauna kazi. Kiti cha mbele kinachowekwa kwenye fremu ya mzazi, mtoto akiwa kati ya mikono yake, ni kitu kizuri mno kwa wadogo wa miaka 2 mpaka 5 hivi. Mwanangu wa mwisho alijifunza kusoma njia akiwa pale, akitangaza kila mzizi kabla sijauona. Lakini mtoto akishakizidi uzito, kati ya kiti hicho na siku atakayopanda mlima peke yake pana miaka mingi. Kamba inaziba miaka hiyo.

Niseme sasa kuhusu kileleni, kwa kuwa ndiko nilikosema kamba inapimwa.

Mtoto aliyepanda mwenyewe mpaka tone la mwisho hufika miguu ikitetemeka. Ukimteremsha hapohapo, utamwona anakaa kwenye siti badala ya kusimama juu ya pedali. Mtu aliyekaa kwenye siti kwenye mteremko wa mawe hupokea kila pigo kwa kiuno, baiskeli inamrusha, naye anajibu kwa kubana breki. Anaangalia tairi lake badala ya kuangalia mbele. Hayo yote si woga, ni uchovu wa mapaja. Binti yangu akifika juu baada ya kuvutwa theluthi ya mwisho ya mlima, anashuka kwenye baiskeli na kwenda mwenyewe kukagua mwanzo wa mteremko kwa miguu, anarudi ananieleza mstari atakaopita. Mtoto aliyechoka haendi kukagua kitu.

Juu tunafungua kamba na kuiweka kwenye mkoba wa kiunoni, kamwe si kuiacha ikining'inia nyuma ya siti. Watoto wanavaa koti jepesi la upepo mara moja. Mwili mdogo hupoa haraka kuliko wetu, na mtoto aliyevutwa hajatoa joto kama wewe uliyemvuta, kwa hiyo usimpime kwa jasho lako. Siti zinashushwa. Nakagua helmeti tena: mbele ikae vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini kidogo ya masikio, na kidevuni pawe na nafasi ya kidole kimoja. Kupanda milima kwa jasho na kuisukuma kisogoni hubadilisha vyote hivyo.

Kisha mkubwa anatangulia. Pedali zimelala sawa, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, viwiko vimefunguka, kidole kimoja kwenye kila breki, na macho yake yako kwenye kona badala ya mawe. Mdogo anafuata, mimi mwisho. Tunasimama kila baada ya kipande kifupi kwa ajili ya mikono, maana viganja vidogo vinavyobana breki vinachoka kabla ya miguu, na mtoto hasemi. Mlio wa breki zake na mstari anaochagua ndivyo vinavyonieleza. Akianza kupita pembeni mwa vitu ambavyo kwa kawaida anavipita juu, tunapumzika. Kule chini pana kipande chenye mawe matatu makubwa mfululizo na kona ya kushoto, ambacho kwa muda mrefu binti yangu alikuwa anashuka na kutembea. Amekipita juu ya baiskeli siku ambayo miguu ilikuwa na akiba. Alisimama chini, akageuka kunitazama, akasema, "Tena." Na tulipanda tena kile kipande, yeye akisukuma mwenyewe bila kuomba msaada.

Kamba haitatibu baiskeli isiyomfaa mtoto, na hili nalisema kwa uzito wote. Kabla ya kuinunua, angalia breki: je, kidole chake cha shahada kinafika kwenye mkono wa breki bila kiganja kuhama? Breki nyingi zina skrubu ndogo ya kuusogeza mkono huo karibu, nayo mara nyingi huachwa ilivyotoka dukani, imepimwa kwa kiganja cha mtu mzima. Angalia upepo wa matairi. Mtoto wa kilo 28 kwenye tairi pana la inchi 2.2 au 2.4 hahitaji upepo unaohitajika na baba yake. Sisi tunakwenda na psi 15 hivi (psi ni kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye pampu), na tairi linaushika mzizi badala ya kudunda juu yake. Angalia urefu wa mikono ya pedali: kwa baiskeli ya inchi 24 iwe karibu na milimita 150, si 170 kama ya mtu mzima. Na shokapu ambayo haibonyei mtoto anapoiegemea kwa uzito wake wote ni kilo mbili za chuma anazozipandisha mlimani bure. Bora uma wa kawaida (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) usio na shokapu, pamoja na tairi nene.

Angalia na baiskeli yako pia. Mzazi mwenye gia nzito atavuta mita 200 na kuweka mguu chini. Mimi nina meno 32 mbele na 51 nyuma, na kwenye mwinuko mkali natumia yote. Mvuto unaotoka nyuma ya siti unataka kukunyanyulia gurudumu la mbele, kwa hiyo utapanda kifua kikiwa karibu na usukani na makalio kwenye ncha ya siti. Magoti yangu yalilalamika mwanzoni, nikajifunza kupiga pedali kwa gia nyepesi na mzunguko wa haraka badala ya kusukuma kwa nguvu.

Kuhusu kuchagua njia, rangi za vibao vinavyoonyesha ugumu wa njia za baiskeli zisikudanganye. Kijani ni rahisi, bluu ya wastani, nyeusi ngumu, na Uingereza huweka nyekundu kati ya bluu na nyeusi. Lakini rangi moja haikuelezi mlima ni mrefu kiasi gani kwa miguu ya miaka 7. Njia ya bluu yenye kupanda mita 300 inaweza kummaliza mtoto ambaye angeifurahia nyekundu fupi. Mimi huangalia kwanza jumla ya kupanda, halafu kama kupanda kwenyewe kuko sehemu moja. Kukiwa sehemu moja, kamba inaingia mkobani. Kukiwa kumetawanyika, naiacha nyumbani na kufupisha safari.

Kwa watoto wawili na mzazi mmoja, kamba ni moja, wala usijaribu kuwavuta wote kwa mfuatano. Anayevutwa ni yule mwenye uhitaji zaidi siku hiyo, na kwetu wamezoea kuamuana wenyewe. Mwenye mtoto chini ya miaka 5 asubiri kidogo. Kamba inahitaji mtoto anayejua kushika mstari ulionyooka, kubana breki mbili bila kuambiwa, na kutii neno simama. Anayeyaweza hayo matatu yuko tayari, hata kama miguu yake ni myembamba. Ukiweza kuchagua kati ya ndefu na fupi, chukua ile ambayo ikilegea inazidi mita moja na nusu. Kama ningenunua upya, hiyo ndiyo ningeichukua.